Maskani ya kigeugeu: tafuta magamba, si mwili

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Lamu mjini. Kila Alhamisi baada ya Isha tunakusanyika watu watano barazani kwetu kucheza mchezo wa masimulizi, ule wa kifantasia wenye dadu ya pande 20, na mimi ndiye mwendesha mchezo. Adui mkubwa wa msimu huu ni kigeugeu anayeweza kujifanya mtu yeyote. Wiki iliyopita wachezaji walifika kwenye maskani yake. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili: mifupa, damu ukutani, giza, uvundo, utando wa buibui. Nikasoma zote. Mmoja akatoa simu. Mwingine akasema, 'Nachoma mkuki kila kilichomo chumbani, hata kiti.' Hakuna aliyeogopa. Nilikosea wapi? Maskani ya kiumbe asiye na sura yake mwenyewe inaelezwa vipi? Tena nyanya yangu hataki tutaje majini usiku, nimjibuje?"*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka nilipofika kwenye kiti kilichochomwa mkuki, maana hapa Malindi nimeona viti vingi vikiuawa namna hiyo. Naona wasiwasi wako ni kwamba hujui kuandika. Ondoa hofu. Aliyejaza kurasa mbili kwa ajili ya marafiki wanne wa barazani hana upungufu wa maneno. Shida ni kwamba uliwaeleza wenzako nyumba ya mtu mwingine. Mifupa, damu na uvundo ni nyumba ya zimwi. Zimwi halina haja ya kujificha, linakula na kutupa papo hapo, kwa kuwa nani atakwenda kulishitaki? Kigeugeu riziki yake yote ni kutojulikana. Damu ikibaki ukutani kwake Jumatatu, kwa mitaa yenu ilivyobanana, Jumatano jirani keshaisikia harufu na Ijumaa habari imefika msikitini. Wachezaji wako hawakuogopa kwa sababu walitambua mara moja wamo wapi, na mtu akishajua yumo wapi, hana la kufanya isipokuwa kuchomoa silaha.

Ukitaka kumwelewa kigeugeu, weka majini kando kwanza. Anza na pweza.

Ami yangu alikuwa akinichukua mwambani maji yakipwa, siku za bamvua, nikiwa mdogo. Nilikuwa nakodoa macho nikimtafuta pweza mwenyewe, na sikumwona hata siku moja. Utamwonaje? Rangi yake ni rangi ya jiwe alilolilalia, na ngozi yake huinuka vinundu vinundu ikawa kama mwani. Ami hakuwa akimtafuta pweza. Alitafuta taka zake. Nje ya tundu la pweza huwa pana rundo la magamba ya kaa na makombe matupu, na mara nyingi vijiwe alivyojivutia mwenyewe kuziba mlango. Gamba likiwa bado linang'aa ndani, mwenyewe yumo. Likiwa limeota ukijani, alishahama, usipoteze muda wako. Mzee yule aliyejua kusoma jina lake tu aliweza kusoma rundo lile kama barua.

Basi hilo ndilo jibu langu zima, na yanayofuata ni kulifafanua tu. Kigeugeu hubadili mwili, lakini habadili haja. Atakula, atalala, na atahitaji mahali pa kujifunza sura anazozivaa. Haja hizo tatu zinaacha magamba mlangoni. Wewe eleza magamba, mwili waachie wachezaji wautafute.

Amua kwanza anakula nini, kabla hujaandika sentensi hata moja. Kigeugeu wangu hali watu. Anakula chakula cha jioni. Anavaa sura ya baba wa nyumba aliyesafiri, anaketi mkekani na watoto, anamega. Kwa hiyo katika maskani yake jiko lipo lakini mafiga hayana masizi, na kinu kina utando wa buibui. (Umeona? Utando wako umebaki, ila sasa una kazi.) Katika mtaa ambao kila mtu anajua jirani kapika nini, nyumba isiyotoa moshi ni jambo la kutisha kuliko fuvu.

Kisha kulala. Analala katika mwili gani, ikiwa miili ni mingi? Mimi niliweka kitanda cha kamba kilichobonyea mahali patatu: pa mtu mzima, pa mtoto mdogo, na pa kitu kirefu kuliko kitanda chenyewe, kamba za miguuni zikiwa zimekatika. Sikusema neno jingine. Mchezaji mmoja alipima kwa mikono hewani, akarudi kuketi karibu na ukuta.

Haja ya tatu, kujifunza sura, inategemea unatumia kanuni za mchezo gani. Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974 kwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, una vigeugeu wa aina nyingi, lakini wawili ndio wanaochanganywa sana. Doppelganger hujigeuza mtu, na anasoma mawazo. Mimic hujigeuza kitu: sanduku, mlango, na ndiyo, kiti. Ukitumia wa kwanza kama alivyo, hana haja ya kujifunza, maana anachota siri kichwani mwa mtu aliye mbele yake. Maskani yake itakuwa tupu kupita kiasi, nayo hiyo ni alama. Lakini kama kigeugeu wako hasomi mawazo, lazima awe mwanafunzi, na mwanafunzi hakosi vitabu. Nakushauri umfanye mwanafunzi. Utapata mengi zaidi ya kuonyesha.

Sasa, wewe una bahati ambayo watu wengi wanaoendesha mchezo huu duniani hawana. Wao wanachora mapango na mahandaki wasiyowahi kuyaona. Wewe umezaliwa katika mji wenye nyumba za mawe ambazo zimejengwa, kwa maoni yangu, kama maskani ya kigeugeu tangu mwanzo. Fikiria nyumba ya zamani ya Lamu inavyoingiwa. Kuna daka, ukumbi wa mlangoni, ambapo mgeni yeyote anaketi. Unapinda, kwa sababu njia imepindishwa makusudi ili wa nje asione ndani. Kuna sabule kwa mgeni wa kiume. Halafu kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na mwanga wote wa nyumba unashuka hapo. Kisha msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili ndefu, ya chini na ya juu), halafu chumba kiitwacho ndani, na kila hatua sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua kidogo. Mwisho kabisa kuna nyumba ya kati, chumba ambacho zamani ndimo mtoto alimozaliwa na ndimo maiti alimooshwa.

Kwa hiyo nyumba yenyewe inakupangia maelezo. Dakani kigeugeu ni mfanyabiashara mwenye adabu. Sabuleni ni mfanyabiashara ambaye kikombe chake cha kahawa kimejaa tangu asubuhi. Msanani unaanza kuona vitu visivyokaa sawa. Ndani umeona zaidi ya unavyotaka. Na nyumba ya kati ndimo anamobadilikia, mahali pa kuingia duniani na kutoka, na huko mimi sielezi kitu chochote. Nasema tu mlango una pazia, na pazia linapumua.

Jambo la vitendo pia: vyumba vile ni virefu na vyembamba, upana kama mita tatu au pungufu, kwa kuwa boriti za mikoko ndizo zinazobeba dari na hazivuki pana zaidi ya hapo. Wachezaji wanne wenye mikuki hawawezi kusimama bega kwa bega. Chora hivyo kwenye ramani yako na usiwaambie kwa nini. Watajua vita vikianza.

Hivi ndivyo ninavyosoma chumba, na urefu wake ndio huu (zidaka ni vishubaka vya ukutani):

*Mnafika ndani. Mwanga wa kiwandani umewafuata hadi hapa, ukawakomea magotini. Ukuta wa mbele wote ni zidaka kutoka chini hadi dari, na katika kila kidaka kimewekwa kitu kimoja. Kofia ya vito. Miwani yenye kioo kimoja. Kandambili ya mtoto, ya mguu wa kushoto. Kidaka kimoja hakina kitu, na vumbi lake limepanguswa leo. Mbele ya zidaka pana kiti, kimeelekezwa ukutani.*

Basi. Nanyamaza. Hesabu uone: hakuna neno "inatisha", hakuna "giza totoro". Kuna kitu kimoja kilichopangwa vizuri mno, kimoja kisichokuwepo, na kiti kinachouliza nani huketi hapa kutazama kandambili ya mtoto. Ukisoma kurasa mbili, msikilizaji anashika vitu vitatu vya mwanzo na kuacha vingine, na wewe ulikuwa umeanza na mifupa. Zidaka za nyumba zenu zilikuwa za kupangia sahani za kaure na vitu vya thamani. Hapa ni zilezile, kilichobadilika ni mwenye nyumba anathamini nini. Mwaka jana, majuma mawili kabla ya chumba hiki, nilimwibia mchezaji mmoja leso sokoni, kwenye hadithi, kwa sentensi moja tu, akaisahau. Nilipofika kwenye kidaka kitupu alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. "Ile leso yangu," akasema, na hakumalizia. Wenzake wote wakamgeukia yeye, si mimi. Kuanzia hapo hawakumwamini tena mezani, na sikuwa nimemtaja kigeugeu kabisa.

Tuje kwa rafiki yako wa mkuki. Usimkasirikie, ana haki. Umemwambia yumo katika nyumba ya kiumbe anayeweza kuwa chochote, naye amejibu kwa busara: basi nitachoma chochote. Kosa hilo mimi nimelifanya vibaya kuliko wewe. Niliwahi kujenga chumba cha vioo na masanduku, nikijiona fundi, na wachezaji wakatumia dakika arobaini kurushia mawe kila sanduku kutoka mlangoni. Chakula kilipoa, mmoja akalala. Nilichokosa ni kanuni. Kigeugeu anayeweza kila kitu hachunguziki, na asiyechunguzika hatishi, anachosha.

Mpe jambo moja asiloweza kulibadili. Masimulizi ya pwani yetu yanalijua hili siku nyingi: kuanzia Mombasa hadi kwenu, yule mwanamke mzuri wa usiku ana buibui safi, ana manukato, na ana kwato. Sura yote kaipata, miguu ikamshinda. Si lazima utumie kwato. Wa kwangu hatoi kivuli cha vidole, kiganja chake ukutani huonekana kama kasia. Ukishachagua, tawanya alama hiyo katika maskani: viatu vingi vilivyopanuliwa kwa kisu kwenye kisigino, au taa zote zimewekwa chini sakafuni ili vivuli vipande juu, visionekane. Hapo mwenye mkuki ataacha kuchoma na kuanza kutazama miguu ya watu. Hata ya mwenzake aliyeketi kando.

Usifungie alama hizi nyuma ya dadu. Ukisema "asiyepata 15 haoni kidaka kitupu", hesabu inakuwa hivi: katika pande 20 kuna 6 tu zenye 15 au zaidi, yaani asilimia 30 bila nyongeza. Wote wanne wakirusha, uwezekano wa angalau mmoja kuona ni asilimia 76. Inaonekana nyingi, lakini karibu usiku mmoja kati ya minne hadithi yako itafia mlangoni. Wape wote wakione kidaka. Dadu itumike kwa la ziada, kwa mfano kujua vumbi limepanguswa kwa kitambaa au kwa ulimi.

Nyumba ya mawe si lazima. Ukitaka magofu, Gedi iko kilomita kama 16 kusini mwa Malindi, na ina somo zuri kwa mwandishi wa vyumba: mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba pale mwaka 1948, nyumba nyingi zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Kitu kimoja, na nyumba nzima imekumbukwa. Ubaya wa magofu ni kwamba hayana jirani. Kigeugeu bila watu wa kuwaiga ni mnyama tu porini, na utalazimika kueleza kwa nini anaishi huko. Takwa, magofu ya hapo kisiwani Manda, ina tatizo hilohilo, ingawa kwa usiku mmoja tu inafaa sana. Chaguo la tatu ni jahazi bovu ndani ya mikoko: maji yanajaa na kupwa kwa takriban saa sita sita, kwa hiyo una saa ukutani bila kuwa na saa. Wachezaji watapenda. Ila jahazi lina vyumba vichache, utaimaliza hadithi mapema.

Sasa la nyanya. Usimjibu kwa ubishi, wala usimwambie ni mchezo tu. Kwake si mchezo, na kwa wengi wanaopita barazani kwenu usiku si mchezo pia. Mimi nina mipaka mitatu na sijawahi kuijutia. Situmii neno jini kwa adui wangu, nimempa jina la kubuni. Sitii aya wala dua katika uchawi wa mchezo, hata kwa utani. Na la tatu ndilo zito: maskani sielezi kwa nyumba ya mtu wa kweli, na kigeugeu simfanyi ajuza wa mtaa fulani unaojulikana. Huku kwetu Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Maneno ya barazani husafiri bila dadu zake, na mtoto anayepita atasikia "nyumba ya bibi yule ndiyo" na hatasikia sehemu ya kwamba mlikuwa mkicheza. Mwambie nyanya mipaka hiyo, kisha muulize yeye nyumba yake ya utotoni ilikuwaje, kila chumba. Nadhani utarudi na maskani bora kuliko zangu.

Yapo mambo ambayo jibu la kuandikwa haliyafikii. Kama hujawahi kumtazama mwendesha mchezo mwingine akifanya kazi, mtafute mmoja, ukae pembeni usiku mzima, usikilize ananyamaza wapi. Kunyamaza hakufundishiki kwa barua. Ingia pia katika nyumba ya zamani iliyohifadhiwa kama makumbusho hapo mjini kwenu, usimame ndani dakika kumi bila simu, utazame mwanga unakomea wapi. Na ukiona mchezaji amebadilika baada ya usiku wa kutisha, halali, anakwepa, au anacheka pasipochekesha, usimuulize mbele ya wenzake wala kwa ujumbe. Mwendee, kaeni wawili. Huenda umegusa msiba usioujua. Ikiendelea kwa siku kadhaa, msindikize kwa mshauri nasaha au daktari, na sehemu hiyo ya hadithi iondoe hata kama ndiyo uipendayo.

Kuhusu kurasa zako mbili, usizichane. Wachezaji wamekwisha kuiona mifupa na damu, huwezi kuifuta. Alhamisi hii waache waingie tena mchana, na umruhusu mmoja wao aokote mfupa. Ni wa mbuzi. Yote ni ya mbuzi, na imekatwa kwa shoka la bucha. Mtu alijipangia chumba cha zimwi ili wageni wafurahi kuwa wameshinda, wachome viti, warudi nyumbani. Na nyumba yenyewe, ile ya kweli, ina baraza safi, ukuta umepakwa chokaa mwezi huu, na ni baraza pekee mtaani ambayo paka hawalali.